Kijana wa Kiislamu na Klabu za Huduma: Mgonjwa Hangoji Idd

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya futari, Nakuru. Imeandikwa upya kwa ajili ya jarida hili.)



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha Ramadhan nyingine tukiwa wazima, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu yangu msomaji, mada niliyopewa ni kujitolea. Mada hii hutolewa kila Ramadhan, na mimi nimeisikia tangu nikiwa madrasa, nimekaa mkekani safu ya nyuma. Mara nyingi huishia kwenye futari: tuwapelekee mayatima tende na unga, tuchange sukari, tukusanye nguo za Idd. Ni mambo mazuri, na sisemi yapunguzwe hata tende moja. Lakini leo nataka tuzungumze habari ya kujitolea siku ya Jumanne, mwezi wa Septemba, hakuna sherehe, hakuna anayepiga picha, na wewe una mtihani kesho yake. Kujitolea kwa namna hiyo mtu peke yake hawezi kukudumisha. Tujaribu kusema ukweli: ukiwa peke yako utatoa ukiguswa, na kuguswa huja na kuondoka. Ndiyo maana watu wakabuni klabu.

Hapa kwetu ziko za aina nyingi. Wako vijana wa Rotaract, mpango ambao Rotary iliuanzisha mwaka 1968. Wako Leo, ambao ni vijana wa Lions. Wako vijana wa Msalaba Mwekundu. Halafu ziko zile ndogondogo za vyuoni ambazo hazina jina kubwa wala bendera, zina mwenyekiti, mhazini na deni la uchapishaji. Yetu ni ya namna hiyo ya mwisho. Wanachama wengi ni Wakristo, katibu wetu ni dada mmoja wa kutoka pande za Kuresoi anayeimba kwaya kanisani, na Waislamu tuko kama kumi hivi. Tunafanya mambo mengi, lakini kazi kubwa ni damu, na hiyo ndiyo nitakayoisimulia kwa urefu.

Kazi ya damu katika klabu yetu iko ndani ya daftari moja. Ni daftari la kawaida la mistari. Kila ukurasa una jina, namba ya simu, kundi la damu, na tarehe mtu alipotoa mara ya mwisho. Mwanamume hukaa miezi 3 kabla ya kutoa tena, mwanamke miezi 4, kwa hiyo ukitazama tarehe unajua nani yuko tayari na nani bado. Basi. Hakuna ufundi zaidi ya huo. Ila daftari hilo ndilo hufanya mtu akumbukwe mwezi wa Septemba, na akishakumbushwa kwa simu na rafiki yake, kusema hapana kunakuwa kuzito.

Kwa nini damu? Kwa sababu haitengenezwi kiwandani. Hakuna mfadhili awezaye kuleta kontena la damu kutoka ng'ambo kama anavyoleta mchele. Ni lazima itoke katika mkono wa mtu. Mfuko mmoja ni mililita 450, chini ya nusu lita. Unapimwa uzito kwanza, usipungue kilo 50, umri uwe kati ya miaka 16 na 65. Unachomwa kidogo kwenye kidole, tone la damu hutiwa ndani ya maji ya buluu; likizama haraka ni dalili damu yako ina nguvu ya kutosha, likielea unaambiwa rudi nyumbani ukale mboga na maharagwe. Damu ikishatolewa hupimwa Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Kisha huweza kugawanywa, ili mfuko mmoja usaidie zaidi ya mgonjwa mmoja. Na hapa ndipo penye jambo ambalo vijana wengi hawalijui: damu huharibika. Chembe nyekundu hukaa kwenye baridi kama siku 35. Zile chembe za kugandisha damu, siku 5 tu. Kwa hiyo hata Nakuru nzima ikija leo kutoa, mwezi wa tatu ujao itakuwa imekwisha au imemwagwa.

Mwaka 2013, mwezi wa Septemba, Westgate iliposhambuliwa, Wakenya walipiga foleni ndefu kutoa damu. Ilikuwa fahari kweli. Sisi Wakenya tukionyeshwa msiba kwenye televisheni hatuna mfano. Lakini yule mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua, saa nane za usiku, haonyeshwi kwenye televisheni. Na kutokwa na damu namna hiyo ndiko kunakoongoza kuua akina mama wazazi. Mtoto aliyekauka damu kwa malaria, au mwenye ugonjwa wa selimundu, yeye pia haonyeshwi. Hawa ndio wanaotumia damu kila wiki, wako pale hospitali kuu yetu, ile ambayo wazee bado wanaiita PGH.

Sasa nikuulize, nani hasa hutoa damu hii? Kwa miaka mingi nchini Kenya, wachangiaji wakubwa wamekuwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Kituo cha damu cha kanda kiko hapa Nakuru, na gari lao huenda shuleni kwa sababu huko hupata vijana wengi wazima kwa siku moja. Ni mpango mzuri, lakini una tundu. Shule zikifungwa, damu inafungwa. Mwaka 2019 msaada wa Marekani uliokuwa ukibeba sehemu kubwa ya huduma ya damu ulifika mwisho, halafu Machi 2020 shule zikafungwa kwa korona, na uhaba ukaonekana nchi nzima. Jamaa wa mgonjwa wakawa wanaambiwa tafuteni watu wenu waje watoe. Mtu ametoka kijijini amemleta mkewe, hamjui mtu hata mmoja mjini, atamtoa wapi wa kutoa damu?

Na sisi watu wa huku Bonde la Ufa tuna barabara. Huna haja ya kuelezwa. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana pale Migaa, karibu na Salgaa, wakafa watu 36. Desemba, shule zimefungwa, wanafunzi wako kwao. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta liliwaka Sachangwan, wakafa zaidi ya watu 100, na waliosalia na majeraha ya moto wakalazwa Molo na Nakuru. Tarehe 30 Juni 2023 lori liliwaparamia watu Londiani, wakafa zaidi ya 50, na sisi bado tulikuwa kwenye nyama ya Idd ya kuchinja, maana Idd ilikuwa siku mbili kabla. Sitaji haya kukuogopesha. Natazama tarehe tu, kama ninavyotazama lile daftari. Tarehe za haja hazifuati tarehe zetu.

Basi sasa tuje kwenye Ramadhan yenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza katika klabu niliona jambo ambalo halikunipendeza. Katibu wetu, yule dada wa kwaya, alikuwa akipiga simu kutoka kwenye daftari, akifika kwenye jina la Hassan au Khadija anaruka. Nikamwuliza, mbona unaruka? Akanijibu kwa adabu kabisa, "Hawa wamefunga, tusiwasumbue." Ni heshima, na nilimshukuru kwa heshima hiyo. Lakini hebu fikiri maana yake. Mwezi ambao sisi tunasema ndio mwezi wa kutoa, ndio mwezi ambao majina yetu yalikuwa yanarukwa. Mwezi mzima, kila mwaka. Na hakuna aliyetufukuza, wallahi, ni sisi tulionyamaza tukaacha waturuke.

Wako watakaouliza, na saumu je? Swali ni la haki. Wanazuoni wetu wamelipima jambo hili kwa suala la kuumikwa, yaani kutolewa damu kwa chuku. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki twaifuata, kuumikwa hakubatilishi saumu, ila huchukiza kwa yule ambaye kutamdhoofisha. Katika madhehebu ya Imam Ahmad huonekana kunabatilisha. Mimi ni mwanafunzi tu, si mufti, kwa hiyo ukitaka fatwa mwendee sheikh wako. Lakini hata tukiacha ikhtilafu pembeni, wauguzi wenyewe hawataki kumtoa damu mtu ambaye hajanywa maji tangu alfajiri, kwa sababu ataanguka. Sasa mbona tuendelee kubishana juu ya mchana, na usiku tumepewa?

Ndivyo tulivyofanya. Tuliwaomba wakuu wa klabu watuache sisi tupange kikao kimoja cha usiku. Watu hufuturu, wanakula chakula cha maana (si sambusa na sharubati peke yake), wanaswali isha na tarawehe, halafu wanatoa. Kwa nini baada ya tarawehe na si kabla? Kwa sababu ukitoa damu kisha ukasimama rakaa 20 utajikuta sakafuni, na imamu atasingiziwa amerefusha. Ukitoa baada ya swala, unakaa, unakunywa maji na chai, unakwenda kulala, na una mpaka daku kuendelea kunywa. Kesho yake usibebe mizigo. Anayeendesha bodaboda apumzike usiku ule.

Ugumu haukuwa dini. Ugumu ulikuwa mambo madogo ya dunia. Wahudumu wa damu wana saa zao za kazi na usiku lazima waombwe mapema kwa barua. Lazima pawe na taa ya kutosha, meza imara, viti vya kuegemea, pazia kwa upande wa dada zetu, na muuguzi wa kike. Lazima mtu ahakikishe soda na biskuti zimefika kabla, si zinafika wakati watu wameshaondoka. Haya yote mtu mmoja mwenye moyo safi hawezi. Klabu inaweza, kwa sababu mmoja anaandika barua, mwingine ana mjomba mwenye jenereta, mwingine anajua kuongea na watu wa hospitali. Na nikwambie, usiku ule wa kwanza waliobeba meza na kupanga viti ni wenzetu Wakristo, ili sisi tuwahi tarawehe. Katibu alikaa mlangoni na daftari lake. Hakuruka jina.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: je, inafaa sisi kufanya kazi hizi pamoja na wasiokuwa Waislamu, tena chini ya klabu ambayo si yetu?

Ndugu zangu, kisa cha Hilful Fudhul tulisomeshwa sote madrasa. Mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, alidhulumiwa mali yake Makka na Al-Aas bin Wail. Watu wa koo kadhaa wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kuwa watasimama na kila aliyedhulumiwa, mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Mtume (s.a.w.) alikuwepo, kijana, wasimulizi wengi wakisema umri wake ulikaribia miaka 20. Wahyi ulikuwa bado. Wale hawakuwa Waislamu. Na baadaye, akiwa Mtume, aliutaja mkataba ule kwa kuusifu, na kwamba lau angeitiwa mfano wake katika Uislamu angeitikia. Miaka 20, vijana. Umri wa mtu wa mwaka wa pili chuoni.

Na sisi wa Nakuru tuna sababu yetu zaidi ya hiyo. Januari 2008 mji huu uliwaka. Mimi nilikuwa mtoto, nasimuliwa tu: mitaa iligawanyika kwa makabila, jirani akamwogopa jirani, na maelfu ya watu wakalala kwenye uwanja wa maonyesho wa ASK na Afraha. Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 1,100. Wazazi mliokuwepo mnajua zaidi kuliko mimi na wengine hampendi kuzungumzia, nami naheshimu. Nasema hili moja: mfuko wa damu una kibandiko. Kibandiko kina namba, kundi la damu, tarehe iliyotolewa na tarehe ya kuharibika. Hakina kabila. Hakina dini wala jina la mtaa. Ukitoa leo, hutajua kamwe imemwingia nani, na yeye hatajua imetoka kwa nani. Unaijua aya ya Suratul Maida juu ya kuiokoa nafsi moja, sina haja ya kukusomea. Mimi sijaona kazi inayofanana nayo zaidi ya hii.

Kuna uvumi pia lazima tuuseme, maana tusiposema utabaki barazani. Inasemwa kuwa klabu za Rotary na Lions ni mlango wa Freemason. Ni kweli kwamba wako wanazuoni walioziandikia kwa ukali, na ni kweli vilevile kwamba wako Waislamu Pakistan, Misri na Uturuki ambao ni wanachama, na kwamba Rotary, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1905, tangu 1985 imetumia nguvu nyingi kuwachanja watoto wa dunia polio, wakiwemo watoto wetu. Sikusukumi upande wowote. Ikiwa moyo wako una shaka, achana na klabu hiyo, tafuta nyingine. Wengine wanaogopa hata ile alama ya Msalaba Mwekundu. Alama ile ilichaguliwa Geneva mwaka 1864, ni bendera ya Uswisi iliyobadilishwa rangi, na Waturuki wa dola ya Uthmaniya walipoanza kutumia hilali nyekundu katika miaka ya 1870 kazi ilibaki ileile. Bwawa la Patel lilipopasuka Solai usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuwachukua zaidi ya watu 40, Ramadhan ikiwa wiki moja mbele yetu, waliokuwa wakichimba matope usiku hawakuulizana juu ya vibandiko vya fulana. Ninachokataa ni mtu kutumia shaka kama kitanda cha kulalia. Una shaka na hii, ingia ile. Una shaka na zote, basi kusanyeni wenyewe watano pale Bondeni, au Kaptembwo, au Shabab, mnunue daftari.

Wengine huingia klabu kwa ajili ya cheti cha kuombea kazi. Mimi sina ugomvi nao. Wabebe meza, cheti watapewa, na niya Mungu ndiye anayezigeuza.

Wazazi wetu wapendwa, nimemaliza na vijana, sasa niwaombe nyinyi. Wako mama zetu wanaoamini mtoto akitoa damu atakonda au atakuwa dhaifu maisha. Mama, maji yaliyotoka hurudi kwa siku moja au mbili, chembe huchukua wiki kadhaa, na ndiyo maana ile miezi 3 na 4 imewekwa. Mwenye ugonjwa, mwenye mimba, anayenyonyesha, huyo hatolewi. Na ikiwa wasiwasi wako ni binti kutoka usiku, una haki. Njoo naye. Kiti kipo, na pengine nawe kilo zako zinatosha.

Mwaka huu tumeomba Jumamosi ya pili na ya nne za Ramadhan, baada ya tarawehe. Barua imeshapelekwa, tunangojea jibu la saa. Njoo umekula, umekunywa maji, na kitambulisho.

Nilipomaliza kuisoma mada hii, kijana mmoja wa kidato cha nne aliinua mkono, akauliza: yeye ana kilo 46, amepimwa mara mbili amerudishwa, sasa afanye nini? Nikamwambia tunahitaji mtu wa kukaa na wanaosikia kizunguzungu, awape soda, awazungumzishe mpaka rangi irudi usoni. Mtu huyo lazima asiwe ametoa damu yeye mwenyewe. Akacheka, akaandika jina lake. Daftari liko kwa dada yetu katibu, kalamu imefungwa kwa uzi.

Wabillahi tawfiq.